Siku Niliyokatwa Kilimi

Harufu ya magadi ikipanda kutoka kwenye sufuria ya maharagwe, koo langu hujifunga lenyewe. Si kichefuchefu, msinielewe vibaya. Maharagwe nayapenda, na magadi natia mwenyewe kwa mkono wangu ili yaive upesi. Ni koo tu. Linakumbuka kivyake bila kuniuliza, nami husimama pale jikoni na mwiko mkononi, nikimeza mate mpaka lifunguke. Wajukuu wangu wakinikuta katika hali hiyo hudhani nasali, hunyamaza na kutoka kwa heshima.

Sijawahi kuwasimulia. Wao hutaka hadithi fupi. Nyinyi naona mmekaa, basi ngoja niwaambie.

Nilikulia Ronge, juu milimani, kwa Shangazi Mkawasi, dada mkubwa wa baba yangu. Mama alikuwa amefariki nikiwa bado sijajifunza kufunga vifungo vya gauni, na baba alifanya kazi Mombasa, tukimwona Krismasi, na si kila Krismasi. Shangazi hakuninyima chakula hata siku moja. Alikuwa na njia nyingine za kunikumbusha kwamba pale nimewekwa tu. Nikivunja kikombe alikuwa akisema, "Mshai angevunja ningejua ni mtoto, lakini wewe unavunja makusudi." Mshai alikuwa binti yake, rika langu, msichana mpole mwenye meno mazuri, na kwa kweli alivunja vikombe vingi kuliko mimi.

Mtu niliyempenda duniani alikuwa Baba Mdogo. Jina lake Mwadime, mdogo wake baba, na alifanya kazi ya reli Voi. Mwisho wa mwezi alikuwa akipanda na basi la jioni, akishuka kwenye barabara kuu, kisha anatembea ile njia ya kuzunguka migomba akiwa amebeba kisanduku kichwani kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Ndani ya kisanduku kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri zake alizozifunga kwa taulo. Alinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao miaka ile ya baada ya uhuru. Nyimbo zenyewe zilikuwa za Wazungu wachunga ng'ombe. Sisi tulisema Kidawida nyumbani na Kiswahili shuleni, Kiingereza tulikijua cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, kwa hiyo hatukuelewa neno. Lakini haikuhitajika kuelewa.

Katika santuri moja alikuwamo mtu aliyefanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia likifanywa na koo la binadamu. Alianza kwa sauti ya kawaida, nzito, ya kutoka kifuani. Kisha pale ambapo mtu mwenye adabu zake angeipandisha polepole, yeye aliiachilia ghafla, ikarukia juu kichwani ikiwa nyembamba kabisa, ikaanguka chini tena, ikaruka, ikaanguka, na kila ilipovuka ulisikia kitu kinakatika katikati. Siku hizi nasikia wanaita yodeli. Sisi tuliita kuvunja sauti.

Mara ya kwanza niliposikia nililia. Mshai alicheka, Shangazi akauliza kama yule mtu anaumwa. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda la mbuzi nikajaribu, na sauti yangu ikaruka. Sijui niseme nini zaidi. Wengine hujikuta wanaweza kupiga mluzi kwa vidole au kutikisa masikio. Mimi niliweza hivyo.

Baba Mdogo alinisikia akaja mbio, sahani ya chakula bado mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba Mdogo."

"Rudia."

Nikarudia. Aliiweka sahani chini kwenye majani, kuku wakaila, hakujali.

Tangu hapo kila alipokuja tulikaa mimi na yeye mbele ya gramafoni, yeye akizungusha mpini wake, mimi nikifuata. Hakuwa mwimbaji hata kidogo, lakini alikuwa na sikio. "Ule mkatiko usiufiche," alikuwa akiniambia. "Mkatiko ndio utamu. Kwaya inakufundisha kupanda ngazi. Hapa unaruka ua." Nikiuficha alisimamisha santuri. Nikiuacha usikike alijipiga paja.

Yeye na mkewe hawakuwa wamejaliwa mtoto. Waliishi Kaloleni, Voi, kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji na taa ya umeme, na mimi nilikuwa nimefika mara moja tu, nikalala nikiwa nimeshika swichi. Jumapili moja, akifunga santuri zake kwenye taulo, alisema mbele ya Shangazi, "Huyu akiuweza huu wimbo mpaka mwisho bila kukosea, Januari namhamishia Voi. Atasoma kule, akae nasi. Mtoto wa sauti kama hii hawezi kuachwa hapa kufukuza ngedere."

Shangazi alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua. "Na Mshai je?" akauliza.

"Mshai ana mama," alisema Baba Mdogo.

Nilifurahi sana kusikia vile. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni jibu zuri.

Basi nikaanza kazi. Kipindi kile mahindi yalikuwa yanakomaa na sisi watoto tulikuwa na zamu ya kuyalinda shambani, maana ngedere walishuka kutoka msituni kwa makundi. Wengine walipiga madebe. Mimi nilivunja sauti. Nilisimama juu ya jiwe nikaachilia, na jabali la ng'ambo likanirudishia, nami nikalijibu, tukawa wawili. Siku za kwanza ngedere walikimbia wakiangushana. Baadaye wakazoea. Mwishowe walikuwa wanakaa kwenye matawi na watoto wao mgongoni, wakinitazama kwa utulivu mkubwa, kisha wanashuka kula. Nilichapwa kwa ajili ya mahindi hayo. Lakini wimbo nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu cha mwisho, pale ambapo yule mtu anavunja haraka haraka bila kupumua.

Shida ni kwamba sauti ilianza kuruka hata pasipotakiwa. Nikimwita mbuzi inaruka. Nikijibu darasani inaruka. Na Jumapili moja kanisani, katikati ya wimbo wa kufungua ibada, kwaya ya watoto tukiwa tumesimama mbele na vitambaa vyetu vyeupe shingoni, ilipofika ile sehemu ya juu sikupanda ngazi. Niliruka ua. Kanisa zima likageuka. Mtoto mmoja akacheka, na mama yake akamfinya huku yeye mwenyewe mabega yakimtikisika.

Mwalimu wa kwaya alingoja ibada iishe. "Mama Mshai," akamwambia Shangazi pale mlangoni, watu wakiwa wanasalimiana, "huyu mtoto koo lake si zima. Sauti ya mtu mwenye afya haikatiki hivyo. Mmemwangalia kilimi?"

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Wengi wenu mnacho bado, kwa hiyo hamkifikirii. Kwetu kilifikiriwa sana. Mtoto akikohoa, kilimi. Akitapika, kilimi. Akikonda, kilimi kimerefuka, kitamkaba. Kikirefuka dawa yake ilikuwa moja, kukatwa, na Mshai mwenyewe alikuwa amekatwa angali mchanga, kama watoto wengi wa majirani. Nawaambia haya ili msimwone Shangazi kuwa shetani. Nimejaribu kumwona hivyo mimi mwenyewe, nimeshindwa.

Jioni ile walinikalisha kwenye kigoda mlangoni penye mwanga na kila mtu akapita kutazama. Mama jirani wa chini, mama jirani wa juu, mzee aliyekuja kuazima jembe. "Fungua. Zaidi. Sema aaa." Harufu za vidole vyao nilizijua zote: tumbaku, vitunguu, mafuta ya taa. Wote walikubaliana kwamba kilimi changu ni kirefu mno na kwamba hicho ndicho kinachoigonga sauti na kuikata.

"Lakini naikata mimi mwenyewe," nilisema. "Nafanya makusudi! Mwulizeni Baba Mdogo!"

"Mnasikia?" Shangazi akawaambia. "Hata sasa, sikilizeni vile imekatika."

Nikaomba angalau wangoje mwisho wa mwezi Baba Mdogo aje. Shangazi akanipapasa kichwa, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Baba yako mdogo atakuta umepona," akasema.

Fundi wa vilimi aliitwa Mzee Kilimi, jina lingine sikulijua. Alipita vijijini siku za soko akiwa na mkoba wa ngozi, mtu safi, mwenye kucha fupi, aliyewasalimu watoto kwa majina. Alikuja Jumatano asubuhi. Wakanikalisha chini kwenye mkeka, kichwa changu katikati ya mapaja ya Shangazi. Mama jirani alinishika mikono. Mshai aliambiwa akalie miguu, na akaikalia.

Sitawaeleza yote. Alikuwa na kijiti chenye panda cha kubania ulimi, na kisu kirefu chembamba kilichopinda mwishoni. Alisema, "Tazama juu, mama, tazama yule kunguru," na mimi nikatazama, maana nililelewa kutii wazee. Hapakuwa na kunguru. Nilisikia kitu kinakatika, na safari hii si mimi niliyekikata. Kisha damu ya moto ikanijaa mdomo, akaniinamisha nikatema kwenye majivu. Kisha akachukua magadi yaliyosagwa na majivu na chumvi, akabandika kwa kidole chake pale penye kidonda, akashikilia. Nilijaribu kupiga kelele. Huwezi kupiga kelele na kidole cha mtu kikiwa kooni.

Akakiweka kilimi changu juu ya jani la mgomba akawaonyesha. Kilikuwa kidogo, cha waridi, kama punje ya hindi changa. "Mnaona urefu wake?" akasema, nao wote wakasema wanaona. Mama jirani akasema, "Lo, maskini, alikuwa akiishi na hiki." Fundi akanywa chai. Kuku akaja kulizunguka lile jani, na Shangazi, kwa haki yake, alimfukuza.

Siku zilizofuata nilikunywa uji wa baridi. Uji ulitokea puani. Nilikuwa nameza, nusu inashuka, nusu inarudi inatoka kwenye tundu za pua, na Mshai akawaita watoto wa jirani waje kuona. Walikaa wakinitazama vile ngedere walivyokuwa wakinitazama. Nilipozungumza nilizungumza kwa king'ong'o, maneno yote yakipitia puani, hata mimi mwenyewe sikujitambua. Lakini sikukata tamaa. Nilijiambia kwamba Baba Mdogo atakuja, na atakasirika. Nilijilaza kitandani nikitunga maneno ambayo angemwambia Shangazi. Nilimpa maneno makali sana. Katika maneno yangu alivunja hata kiti.

Akaja mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, na hakuja peke yake. Alikuja na rafiki yake wa kazini, mtu wa Voi mwenye kofia na viatu vya kung'aa, aliyekuja maalumu kumsikia mtoto anayevunja sauti. Walikuwa wamechangamka tangu njiani. Hata maji hawakunywa.

"Wakesho! Mama yangu! Njoo, njoo umwonyeshe huyu mbishi. Anasema namdanganya."

Shangazi akasema kutoka jikoni, "Alikuwa mgonjwa kidogo. Amepona."

Nilisimama mbele yao uani. Gramafoni hakuifungua hata. Alisema hahitaji, anataka sauti yangu tupu. Nilitaka kumweleza, lakini nikafikiri: nikimwimbia atasikia mwenyewe nilivyofanywa, na hilo litasema zaidi. Kwa hiyo nikavuta pumzi nikaanza kifuani, na kifuani haikuwa mbaya. Kisha nikaiachilia iruke.

Ilitokea puani. Ilitoka sauti ya baragumu lililotoboka, ndefu, na mwisho wake ikawa na mlio wa kukoroma. Maji kidogo yakanitoka puani pamoja nayo.

Yule rafiki alikodoa macho. Na Baba Mdogo akacheka.

Hakutabasamu tu, alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo ya banda. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso, akanitazama, akaanza tena. "Huyo ndiye nyota wako?" rafiki yake aliuliza, na hapo wakacheka wote wawili wakipigana mabegani. Na mimi nilikuwa nimesimama nikingoja amalize, maana niliamini kwamba akimaliza ataniuliza nini kimetokea.

Alipomaliza alisema, "Rudia. Hebu rudia, Wakesho."

Ni lile neno lake la siku ya kwanza, nyuma ya banda la mbuzi. Nikarudia. Nilirudia kwa sababu ni yeye aliyeniomba. Safari ya pili Shangazi na Mshai walikuwa wametoka jikoni, na majirani walikuwa wamesimama uani, wakacheka wote pamoja.

Baadaye, wakila, Mshai aliimba kipande cha ule wimbo. Hakuvunja chochote, alipanda ngazi kama kanisani, taratibu, na meno yake mazuri. "Huyu naye si mbaya," alisema Baba Mdogo. Januari ilipofika ni Mshai aliyeshuka Voi na sanduku la bati, akasoma kule, akaolewa na mtu wa reli. Mimi nilibaki na ngedere, nikitumia debe.

Watoto wa Ronge waliniita Baragumu mpaka nilipoolewa Mwatate. King'ong'o chenyewe kilipungua taratibu, na kufikia mavuno yaliyofuata nilikuwa nazungumza kama mtu yeyote. Lakini kuvunja sauti sikujaribu tena. Nilijua nimekatwa. Nilipokwenda kanisani nilitembeza midomo tu. Watoto wangu wanne niliwabembeleza bila wimbo, nikiwapigapiga mgongoni, na wakalala vilevile.

Nilikuwa tayari nyanya nilipokwenda hospitali kwa kikohozi kilichokataa kuondoka. Daktari, kijana wa kike, alimulika koo langu akauliza ni nani alinikata kilimi. Tukaanza kuzungumza, na sijui kwa nini, nikamwambia kuhusu sauti. Alinisikiliza, kisha akaniwekea vidole hapa mbele, kwenye shingo, penye kifundo.

"Sauti inatengenezwa hapa chini, mama," akasema. "Kule kuruka kwake pia ni hapa. Kilimi kiko juu kabisa, hakihusiki. Kidonda kilipokuwa kibichi hewa ilikuwa inapotelea puani, basi. Kilipopona, ungeweza kuimba kama kawaida."

"Ningeweza tangu lini?"

"Tangu utoto wako. Hata mwaka huohuo."

Nilimshukuru, nikachukua dawa zangu, nikapanda gari. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja shambani, nikasimama kwenye mahindi na kiatu cha mjini, nikaachilia. Ilikuwa imekauka na ilitetemeka, lakini iliruka. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kwa hasira, hasira ambayo sikuwahi kumwonea hata aliyeshika kisu. Kwa miaka yote ile niliamini kwamba nilinyamazishwa Jumatano asubuhi kwenye mkeka. Kumbe Jumatano walinijeruhi tu. Nilinyamazishwa Jumamosi, uani, na mtu niliyempenda.

Baba Mdogo alikuwa bado hai wakati huo, amestaafu, amerudi Ronge, miguu imekufa ganzi, anafunikwa blanketi hata jua likiwaka. Nilikwenda kumwona na kumpelekea ndizi. Tulizungumza juu ya wafu na mvua. Kisha akanishika mkono.

"Wakesho, mama yangu. Zile santuri zilivunjika zote. Unajua natamani nini kabla sijaondoka? Ule wimbo. Ule uliokuwa unavunja."

"Unakumbuka ulivyocheka, Baba Mdogo?"

Alinitazama kwa macho yale yaliyoanza kuwa na utando. Alitafuta kwa bidii, niliona anatafuta.

"Nilicheka lini?" akauliza.

Hakuwa anadanganya. Halikuwamo kichwani mwake, labda halikuwahi kukaa humo hata kwa wiki moja.

"Siwezi tena," nikamwambia. "Nilikatwa kilimi."

"Walikuharibu, wale," alisema, na sauti yake ikalegea. "Ningekuwapo nisingekubali."

Nilimwekea blanketi vizuri, nikamenya ndizi, nikamlisha. Alifariki kabla ya mvua za vuli, akiamini kwamba ni kisu.